Onyo jekundu kwenye mti wa ukoo

Leo sitaandika kuhusu PHP, wala MySQL, wala kasi ya mtandao wa Nairobi mvua inaponyesha. Leo ni historia, tena historia ya Waingereza. Tarakilishi zitaingia, ila kwa mlango wa nyuma. Ukiwa na haraka, rudi wiki ijayo!

Kuna mzee mmoja Mwingereza anayeishi Limuru. Alikuja Kenya mwaka wa 1969 kufundisha hisabati, akamfundisha baba yangu, akastaafu, kwao hakurudi. Nyumbani kwetu anaitwa Mwalimu tu. Mwaka jana aliniita kwake akanionyesha makasha matatu ya kadi. Kila kadi ina jina la mtu mmoja wa ukoo wake, amezikusanya kwa miaka arobaini: kuzaliwa, kubatizwa, kuoa, kufa. Kama majina 400 hivi. Alitaka niyaingize kwenye tarakilishi. Nikamwambia programu za bure za mti wa ukoo zipo tele, hakuna haja ya kunilipa. Akakataa. Alitaka kitu kitakachosahihisha kadi zake kama yeye alivyosahihisha madaftari yetu.

Basi nikaandika hifadhidata ndogo, na juu yake programu ya ukaguzi. Kanuni zake ni za kitoto. Mama hawezi kuwa mdogo kuliko mwanawe. Mtu habatizwi kabla ya kuzaliwa. Hakuna ndoa mpya kuanza kabla ile ya zamani haijaisha kwa kifo au talaka. Kanuni ikivunjwa, mstari unakuwa mwekundu. Siku ya kwanza tulipata mistari myekundu 31, mingi ikiwa ni makosa yangu ya kuchapa. Mwalimu alifurahi sana. Alikuwa na kalamu nyekundu tena.

Tuliposafisha yote ilibaki kadi moja iliyomsumbua, ingawa haikuwa nyekundu. Baba mzaa babu yake, mpakizi wa mizigo ya reli kaskazini mwa Uingereza, alioa mara mbili. Mke wa kwanza, kwa maneno ya familia, alikufa kwa homa mwaka wa 1888 akaacha mabinti wawili wadogo. Mume akaoa tena mwaka wa 1890, na mwaka wa 1892 akazaliwa babu yake Mwalimu. Hadithi ya kawaida. Tatizo ni kwamba cheti cha kifo cha yule mama hakikuonekana. England na Wales zimekuwa zikisajili vifo serikalini tangu Julai 1837, na faharasa yake imetafutwa na watu wengi mno. Tukajaribu jina lake kwa tahajia zote tulizoweza kufikiria. Hakuna.

Sisi wa programu tunajua kwamba kitu kisipopatikana kwenye faharasa kuna mambo mawili tu: ama faharasa ina kosa, ama tukio lenyewe halikutokea. Nilisema hivyo kwa mzaha. Mwalimu hakucheka.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kuhusu nyumba za kazi. Ni neno langu mwenyewe, kwa hiyo nilieleze. Kabla ya 1834 kila parokia ilisaidia maskini wake yenyewe, kwa sheria iliyotungwa mwaka wa 1601. Mwaka wa 1834 Bunge lilibadilisha mambo. Parokia ziliunganishwa katika miungano, baadaye takriban 600, kila muungano na bodi yake ya wasimamizi na nyumba moja kubwa. Lengo lilikuwa kwamba ukitaka msaada, uingie humo. Mume analala upande huu, mke upande ule, watoto kwao. Na maisha ya ndani yalipangwa makusudi yawe ya chini kuliko ya kibarua fukara aliye nje, ili mtu asije akapapenda.

Nilidhani watu wa hali hiyo hawataonekana kwenye karatasi yoyote. Nilikosea kabisa. Maskini aliyeingia nyumba ya kazi ameandikwa kuliko fundi wa seremala aliyejilisha mwenyewe maisha yake yote, kwa sababu alikuwa gharama, na gharama lazima ihesabiwe. Rejista ya kuingia na kutoka ilikuwa na safu kama jedwali lolote la hifadhidata: tarehe, jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi, dini, parokia aliyotoka, nani aliamuru apokelewe. Na kuna safu moja iliyoniduwaza: mlo wa kwanza atakaokula baada ya kuingia. Kifungua kinywa, cha mchana, au cha jioni. Upande wa kutoka, mlo wa mwisho. Kwa nini? Kwa sababu karani alipaswa kulinganisha mkate uliotoka ghalani na idadi ya midomo. Leo safu hiyo inakuambia kama mtu alibisha mlango ule alfajiri au usiku. Karani hakuwa na nia hiyo, lakini ndivyo data ilivyo.

Safu ya parokia nayo ni mali. Hadi 1865 kila parokia ilibeba gharama za watu wake ndani ya muungano, kwa hiyo ugomvi wa "huyu si wetu" haukuisha, na katika kugombana wakauliza mtu amezaliwa wapi, amefanya kazi wapi, baba yake alitoka wapi. Majibu wakayaandika. Mke alihesabiwa wa parokia ya mumewe hata kama hajawahi kuikanyaga. Barua kati ya miungano na mamlaka ya London zimejaa zaidi ya majalada 16,000 katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew. Rejista zenyewe kwa kawaida ziko kwenye hifadhi za kaunti, kama hazikuchomwa au kutupwa. Nyingi zilitupwa.

Ngoja nitoe mfano wa mtu unayemjua. Pale Kenyatta Avenue inapokutana na Kimathi Street kuna hoteli yenye jina la Stanley, yule aliyefika Unguja Januari 1871, akawaajiri wapagazi, akamkuta Livingstone Ujiji mwaka huohuo. Jina lake la kuzaliwa halikuwa Stanley. Alikuwa John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa aliyezaliwa Denbigh, Wales, mwaka wa 1841. Babu aliyemlea alipokufa, wajomba walilipia matunzo yake kwa muda, wakachoka. Februari 1847 akapelekwa nyumba ya kazi ya St Asaph huku akidanganywa kwamba anakwenda kwa shangazi. Alikuwa na miaka sita. Alikaa humo hadi Mei 1856.

Baadaye, alipokuwa mtu mashuhuri, alijiita Mmarekani, na watu wa Wales walipoanza kusema "huyu ni John wetu," alikana. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka wa 1909 baada ya yeye kufa, alisimulia jinsi alivyopigana na mwalimu katili wa nyumba ile, akamwangusha, akaruka ukuta na kutoroka. Kisa kitamu kweli. Ila rejista haina ukuta wala vita. Inasema tu kwamba alitoka akaenda kwa jamaa yake. Mimi namwamini karani. Si kwa sababu makarani hawasemi uongo, bali kwa sababu huyu hakuwa na faida yoyote ya kudanganya. Mtoto aliyetoroka na mtoto aliyekwenda kwa mjomba, wote wawili hawatakula chakula cha jioni.

Jengo lenyewe lilikuja kuwa hospitali, ikaitwa kwa jina la Stanley, ikafungwa mwaka wa 2012. Hilo ni jambo la kukumbuka ukitafuta mtu. Mwaka wa 1930 bodi za wasimamizi zilivunjwa na nyumba zao zikaingia mikononi mwa kaunti na miji. Julai 1948 nyingi zikageuka hospitali za huduma mpya ya afya ya taifa. Kwa hiyo rejista za maskini unaweza kuzikuta katikati ya nyaraka za hospitali, na kinyume chake. Pia usidanganywe na vyeti: kuanzia 1904 wasajili waliagizwa wasiandike kwenye cheti cha mtoto kwamba amezaliwa nyumba ya kazi, ili asiaibike ukubwani. Wakaandika anwani ya barabara tu. Ukiona babu yako alizaliwa "nambari 1, barabara fulani", nenda katazame ramani ya zamani kabla ya kumchora akizaliwa kwenye nyumba nzuri.

Turudi kwa yule mama. Sensa ya 1891 ilimwonyesha mume, "mke" mpya, na mabinti wawili. Kwenye mtandao unatafuta sensa kwa jina baada ya sekunde moja, na watu wamesahau taabu iliyokuwapo. Sensa ya 1901 ilipowekwa mtandaoni Januari 2002, watu waliivamia kwa wingi hadi tovuti ikaanguka siku za mwanzo, ikafungwa, na haikufunguliwa kikamilifu hadi Novemba mwaka ule. (Kila nikiambiwa na mteja "watumiaji hawatazidi mia" huwa naikumbuka.) Lakini kutafuta kwa jina kuna shimo moja kubwa. Katika hospitali za wendawazimu, waandishi wa sensa mara nyingi hawakuandika majina. Waliandika herufi za mwanzo tu. Herufi mbili, umri, mahali pa kuzaliwa. Hakuna injini ya kutafuta itakayokuletea mama wa mtu kwa herufi mbili.

Mwalimu ndiye aliyesema. Tulikuwa tunakunywa chai, akatazama nje muda mrefu, kisha akauliza, "Na kama hakufa?"

Hospitali hizo zilienea baada ya 1845, sheria ilipolazimisha kila kaunti ijenge yake. Maskini alipelekwa kwa amri ya hakimu na cheti cha daktari mmoja. Tume ya serikali iliyosimamia wendawazimu ilitaka kila hospitali ilete taarifa ya kila anayeingia, na rejista zake za kuanzia 1846 ziko Kew. Zile za hadi 1912 zinatafutika mtandaoni kwa jina, kwenye tovuti ya Ancestry ya kulipia. Taarifa ni fupi: jina, tarehe ya kuingia, hospitali gani, alitoka au alikufa lini. Na hali ya kutoka: amepona, amepata nafuu, hajapata nafuu, amekufa.

Na hapo pesa inavuruga data tena. Tangu 1874 hazina ya serikali ilirudisha shilingi 4 kwa wiki kwa kila mgonjwa maskini aliyeko hospitali ya wendawazimu, ila si kwa aliyebaki nyumba ya kazi. Wewe ungekuwa msimamizi unayebana bajeti, mzee aliyechanganyikiwa kidogo ungemweka wapi? Basi ukiona babu yako amehamishwa baada ya 1874, usikimbilie kusema ugonjwa ulizidi.

Si kwamba waliokuwa ndani walioza humo wote. Hannah, mama yake Charlie Chaplin, aliingia nyumba ya kazi na wanawe mwaka wa 1896, na mwaka wa 1898 akapelekwa hospitali ya wendawazimu ya Cane Hill. Akatoka mwaka huohuo, akarudi tena baadaye. Ni mtu yuleyule katika madaftari ya taasisi tatu tofauti, na anayejenga hifadhidata asipoangalia atahesabu akina Hannah watatu.

Tulimpata dakika ya nne. Jina, tahajia sahihi, Oktoba 1887. Hospitali ya kaunti jirani. Safu ya mwisho: amekufa, Februari 1919.

Nilijikuta natazama kibodi. Miaka thelathini na moja.

Mwalimu aliandika barua pepe kwa hifadhi ya kaunti. Nyaraka za wagonjwa kwa kawaida hufungwa miaka 100, kwa hiyo za kwake zilikuwa wazi. Baada ya wiki tano zikaja picha. Daftari la wagonjwa lilieleza kwamba alikuwa na miaka 26, ameolewa, dini, idadi ya watoto, na sababu iliyodhaniwa: kujifungua. Binti wa pili alikuwa na wiki sita. Siku hizi tungemtibu mama huyo, na wengi wake hupona. Kuna picha yake pia. Amefungwa kitambaa kichwani na anamtazama mpiga picha kana kwamba amemuuliza swali na anangoja jibu.

Nikaingiza tarehe mpya ya kifo. Ndoa ya 1890 ikawa nyekundu papo hapo. Chini yake, kwa kuwa nilikuwa nimeandika kanuni nyingine ya watoto waliotokana na ndoa batili, ikawa nyekundu kadi ya babu yake Mwalimu.

Nilitaka kuzima tarakilishi. Yeye akavuta kiti karibu. Kwenye cheti cha ndoa cha 1890 mume ameandikwa mgane. Labda, nikasema, hakujua. Labda aliambiwa amekufa. Mwalimu akanyanyua karatasi ya mwisho kutoka hifadhi. Ilikuwa kitabu cha makusanyo cha muungano, kwa maana wasimamizi hawakuacha jamaa wa mgonjwa bila kuwadai. Jina la mume liko pale: shilingi 2 kwa wiki. Mwaka wa 1888, 1889, 1890. Wiki ya harusi amelipa.

Basi alijua. Alikwenda mbele ya msajili akasema mke wangu amekufa, kisha akaenda kumlipia. Kabla hujamhukumu, angalia sheria ya wakati ule. Wendawazimu haukuwa sababu ya talaka England hadi sheria ya 1937, iliyoanza kutumika Januari 1938. Alikuwa na mtoto wa miaka minne na mwingine anayetambaa, kazi ya zamu, na mke asiyeweza kumwacha wala kuishi naye. Mimi sijui ningefanyaje. Uongo ni uongo, na mwanamke mwingine aliingizwa humo.

Lakini karatasi ilikuwa na upande wa pili, na Mwalimu aliuacha hadi mwisho kwa makusudi, nadhani. Mume alikufa mwaka wa 1913. Ukurasa wa mwaka unaofuata jina lake limekatwa kwa mstari, na juu yake karani ameandika jina la mke wa pili. Shilingi 2. Hakuna sheria iliyomdai mama huyo hata senti. Alikuwa amewalea wale mabinti wawili tangu 1890, na sasa, mjane wa mtu ambaye kisheria hakuwa mumewe, analipa. 1914. 1915. Vita vyote. Hadi Februari 1919, ambapo karani amepiga mstari chini.

Mwalimu alichukua bahasha akapiga hesabu kwa mkono. Wiki 52 kwa shilingi 2 ni pauni 5 na shilingi 4; kwa miaka 31 ni pauni 161 na shilingi 4, bila ile miezi ya mwisho. Akanionyesha kama vile nitasahihisha.

Nikamwambia naweza kuizima ile kanuni, ni mstari mmoja wa msimbo, nyekundu itaondoka.

"Acha," akasema. "Ni sahihi." Kisha akagusa kioo, kwanza jina la mke mmoja, kisha la mwingine. "Hawa wawili hujawaunganisha."

Nikamweleza kwamba jedwali langu la mahusiano lina mzazi, mtoto, ndugu, mume, mke. Hakuna uhusiano wa watu hawa. Nikiongeza aina mpya lazima niipe jina.

"Kiingereza hakina," akasema Mwalimu. "Ninyi mnao."

Nikafungua jedwali, nikaongeza mstari, nikaandika: mke mwenza.